Windifoo

Karani wa benki, tai shingoni, kiyoyozi kikikoroma nyuma yake,
aliitazama hundi ya fidia, akamtazama shangazi yangu Sechelela,
akatoa tabasamu lililopimwa kwa rula:
"Mama, hii ndiyo wenyewe wanaita windifoo."

Tukatoka nje.
Jua la saa saba Dodoma halina kivuli cha kukopesha.
"Amenitukana?"
"Hapana."
"Amenisifu?"
"Hapo sina hakika, shangazi."

Mimi ndiye mfasiri. Mimi ndiye niliyesomeshwa kwa zabibu zake.
Kule Mtumba nalipwa kugeuza nyaraka za wakubwa,
nimegeuza mikataba, nimegeuza mpaka salamu za rambirambi;
neno moja litanishindaje?
Nikalipasua katikati kama muwa:
windi, upepo. Foo, kuanguka.

"Upepo umeanguka?"
"Kilichoangushwa na upepo.
Kwao tunda la mti wa tajiri likidondoka usiku wa dhoruba,
apitaye asubuhi huliokota, asiulizwe.
Siku hizi ni mali yoyote isiyotolewa jasho.
Ngekewa. Bahati ya mtende."

Hakusema kitu
mpaka tulipovuka korongo la Matumbulu,
greda zimelala kifudifudi
palipokuwa na mizabibu.

"Mimi na upepo tunajuana," akasema.
"Uliezua bati saba mwaka niliomzika Masinga,
moja tukalikuta juu ya mgunga, limekunjwa kama barua.
Ulipukutisha maua ya zabibu misimu miwili mfululizo,
nikavuna vikonyo.
Hayo nayo yaliangushwa na upepo.
Mwingereza anayaitaje?"

Kamusi yangu ina nusu ukurasa juu ya neno hilo.
Nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa.

"Mche wa kwanza niliununua kwa mbuzi mwenye mimba.
Miaka kumi na tisa ndoo kichwani, wewe ukiwa mgongoni kwanza,
halafu mbele yangu na kidumu chako,
ukilia kwamba kinakumwagikia.
Yule kijana kaona tunda, limelala chini.
Mti hakuuona.
Na greda hakuliona."

Jioni alitandika turubai, akauinua ungo wa uwele juu ya kichwa,
akasubiri. Mikono ilimtetemeka, hakuishusha.
Ulipokuja, ulikuja kutoka upande wa mlima,
makapi yakaenda zake kwa jirani bila kuaga,
punje zikashuka wima, zikinong'ona.

"Haya," akasema. "Windifoo."

Nilitaka kumsahihisha.
Nilifungua mdomo, ukaingia vumbi.

Sasa neno linatembea kijijini bila mimi.
Mbeleje, muuza mchuzi wa zabibu,
alilipwa deni la miaka sita: windifoo.
Bati la shule liling'oka wakati wa mtihani wa hesabu,
watoto wakashangilia: windifoo!
Nyemo alijifungua pacha wakati zahanati haina taa,
wote watatu wazima, na bibi mmoja mlangoni akalitamka polepole,
kama amini.
Wamekwishalitia kwenye ngeli:
windifoo hili, mawindifoo haya.
Hakuna aliyeniuliza.

Hundi imekwisha zaidi ya nusu.
Imenunua ekari mbili upande wa Mpunguzi,
pampu ambayo fundi anasema ni mpya,
vipando mia nne, kila kimoja na majani matatu au manne.
Katika daftari langu la kazini, mbele ya neno lile,
niliandika ngekewa, nikakata,
nikaandika pato la ghafla, nikakata,
halafu mkuu wangu akaniita.

Jana usiku simu iliita, kelele nyingi, kama mtu anararua kaniki.
"Umeanza," shangazi akasema, "tena mapema mwaka huu.
Njoo Jumamosi. Njoo na kamba,
na nguzo kama utapata."